Kuisoma Chemba ya Martini

Wafipa walikijua chuma kabla duka lolote la Sumbawanga halijauza jembe la kiwandani. Wahunzi wa uwanda wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri ya udongo yanayompita mtu kimo, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha chuma hicho kikasafishwa katika vintengwe, na hapo ndipo kilipofaa kufuliwa. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza mabaki hayo na kuonyesha jinsi kazi ya malungu inavyotofautiana na ile ya matanuri mafupi yanayoitwa katukutu. Mimi wa Kaengesa nauhesabu katika ukoo huohuo ufundi ninaoupenda kuliko wote: kutambua kama bunduki ya kale bado ina chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi, iliyotoka nayo kiwandani.

Bunduki ninayoisema ni Martini-Henry, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871. Friedrich von Martini wa Uswisi aliurekebisha mtambo wa Mmarekani Peabody, na Alexander Henry wa Edinburgh akaupa mtutu wake. Wenzo umekaa chini, nyuma ya kifyatulio. Ukiusukuma chini, pande la chuma linaloziba chemba linainama na ganda tupu linatoka. Ukiurudisha, chemba imefungwa. Risasi ni moja kila mara. Raia wa huku hawakuizoea, na sababu mojawapo ni Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia bunduki za kisasa kuuzwa kwa wenyeji kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Ufipa imo ndani kabisa ya eneo hilo, na bunduki iliyobaki mikononi mwa wawindaji ni gobore. Martini ilikuwa ya askari. Kikosi cha King's African Rifles (KAR), kilichoundwa 1902, kilizitumia katika miaka yake ya mwanzo.

Lakini Martini za KAR zilikuwa za kipimo cha .303 ya inchi, na Martini ya 1871 haikuzaliwa hivyo. Risasi yake ya kwanza, .577/450, ilikuwa nene, ya zaidi ya milimita 11 na uzito wa gramu 31, ndani ya ganda pana lililobanwa shingoni. Ile ya .303 haifiki milimita 8. Mwili uleule, wenzo uleule, ila mtutu na chemba ni vingine. Anayetazama umbo la nje peke yake hana analoweza kusema.

Kwa hiyo mjuzi huanzia ndani. Akishahakikisha bunduki haina kitu, huuelekeza mtutu kwenye mwanga na kuitazama mifereji iliyochongwa ndani yake. Mtutu wa Henry una mifereji saba, na wa Metford, wa .303 ya awali, una saba pia. Aliyejifunza kuhesabu tu ataishia njiani. Mifereji ya Henry hujisokota kuelekea kulia, ya Metford kuelekea kushoto, na tena haina kina. Ule wa Enfield, uliofuata, una mifereji mitano, nao unakwenda kushoto. Napenda sana jambo hili, kwamba jicho lililotulia linaweza kutaja mtutu kabla mkono haujagusa kipimo.

Kisha huja chemba yenyewe. Kuna mchanganyiko wa metali, wenye bismuthi, unaoyeyuka kwa joto lisilofikia la maji yanayochemka. Humiminwa ndani ya chemba, huganda, hunywea kidogo kiasi cha kutoka bila kukwaruza, kisha baada ya saa moja hivi hurudia kipimo halisi cha chemba. Ukiushika mkononi umeshika nafasi tupu iliyogeuka kitu: kitako cha ganda, bega, shingo, na kila alama iliyoachwa na kekee ya mkataji. Kingo safi zilizo katikati kabisa ni za mashine ya kiwanda. Bega lililolalia upande mmoja ni la karakana ya baadaye.

Chapa za nje husomwa mwisho, kwa sababu chapa ni rahisi kuiga. Mafundi wa mpakani mwa Pakistani na Afghanistani walifua Martini nyingi kwa mkono, wengine wakizinakili herufi wasizozisoma, hata N ya ENFIELD ikageuka nyuma mbele. Nawaheshimu mafundi hao. Chuma chao kilifyatua. Chapa zao tu ndizo zinazosema uongo.

Kuna jambo lingine linalowasumbua hata wazoefu. Katikati ya miaka ya 1880 kiwanda cha Enfield kilitengeneza Martini za chemba ndogo zaidi, ya .402. Kabla hazijaenea, jeshi likaona litakuwa na risasi za aina tatu kwa wakati mmoja, maana ile ya .303 ilikuwa njiani. Basi bunduki hizo zikarudishwa kwenye .450, zikaitwa Mark IV, zenye wenzo mrefu zaidi ili kuling'oa ganda lililokwama. Mark IV ya namna hiyo ina chemba isiyo ya kwanza, na bado ni ya kiwandani kwa asilimia mia. Vivyo hivyo Martini nyingi za .303: kiwanda cha serikali chenyewe kiliondoa mtutu wa zamani, kikaweka mpya, kikagonga mwaka mpya ubavuni na kuuacha ule wa kwanza mahali pake.

Ndiyo maana swali la "ni ya kiwandani?" halinitoshi. Nauliza ni ya kiwandani lini, na mara ngapi. Mfanyabiashara wa bunduki za kale katika soko la Nizwa, Oman, atataka jibu la neno moja, kwa sababu bei ni moja. Makumbusho yetu hayana haraka hiyo. Martini ya askari wa KAR ikiwekwa kwenye kabati la kioo, kibao chake kiandikwe mwaka wa mwili, mwaka wa mtutu, na kipimo cha chemba kama kilivyosomwa, kila kimoja kwenye mstari wake.