Kijineno Kilichokula Nauli Yangu

Enzi za kutafuta kazi, niliwahi kupata ujumbe wa simu kwa Kiingereza: usaili wangu ulikuwa "called off". "Call" naijua tangu shule ya msingi, ni kuita. Basi nimeitwa! Nikapiga pasi shati, nikagombania daladala alfajiri, nikakuta geti limefungwa. Mlinzi akausoma ujumbe, akanirudishia simu taratibu. "Pole kaka. Hapa hujaitwa, wamefuta." Herufi tatu zilikuwa zimekula nauli yangu.

Sikuwa wa kwanza kujikwaa hapo. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba mgeni wa Kiingereza hupata taabu kubwa kuliko zote pale kitenzi kinapofuatwa na kijineno, maana ikageuka. "Give" ni kutoa, "up" ni juu. Viunganishe, utapata kukata tamaa.

Lakini hebu tujisikilize. Tamaa tunaikata kwa kisu gani? Lile shati nililipiga pasi, na hakuna aliyeumia. Sisi pia tuna vitenzi vinavyobadili tabia kulingana na rafiki vinayeandamana naye. Tunajua kwamba kutupa si kutupilia mbali: hapo jambo limekwisha, halirudi. Ndiyo kazi ya "up" katika "eat up": hakuna kinachopanda juu, ila sahani imebaki nyeupe.

Nilipolitambua hilo, niliacha kukariri orodha, nikaanza kujifunza kama mwanagenzi kwa seremala, kwa kushika ubao wenyewe. Kuna maungio yanayofunguka: unaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off". Ukiweka "it" badala ya mkutano, lazima ikae katikati, "put it off". Ukisema "put off it", kiti kimevunjika. Mengine yamegongwa misumari: "look after him", kumtunza, hayapitishi kitu katikati. Sikio ndilo kipimo. Katika "put it off" sauti hukazwa kwenye "off". Katika "look after him" hukazwa kwenye "look". Tamka kila ungio kwa sauti, mara kumi, ndani ya sentensi inayokuhusu wewe, na mdomo utakumbuka hata akili ikisahau.

Uzuri wa ufundi huu ni kwamba unakufundisha kutomkatiza mtu. Kitenzi kikishatamkwa bado hujaambiwa kitu. Subiri mkia wake.

Miaka kadhaa baadaye niliandikiwa tena kuhusu usaili mwingine, safari hii "put off". Nikatabasamu. Ingekuwa "called off", shati lingerudi sandukuni. Kwa kuwa ni "put off", umeahirishwa tu, nikaliacha limening'inia msumarini, pasi yake haijaguswa, nikauliza: hadi lini?