Kijiti, Mkono na Tabaka

Tumezoea kuhakiki riwaya na filamu. Leo mimi nahakiki ule ukanda wa vifaa ulio kushoto mwa skrini ya Photoshop. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1990, na hadi leo ukanda huo bado unasimulia habari za chumba cha giza, kule picha zilikooshwa kwa dawa na maji.

Angalia ikoni ya kijiti chenye duara. Ukipitisha kifaa hicho juu ya uso, uso unang'aa. Kwa nini kijiti? Kwa sababu fundi wa zamani alifunga kipande cha kadi kwenye waya, akazuia mwanga usifike sehemu fulani ya karatasi, na sehemu hiyo ikabaki nyeupe zaidi. Jirani yake ni mkono uliokunjwa. Kwa mkono fundi aliachia mwanga upite mahali pamoja tu, pakaiva kuwa peusi. Usipojua hayo, unaona vidude tu.

Hapa Nyacheki, vijana wengi wa saiba hawajawahi kuona chumba cha giza. Kazi yao ni picha za paspoti, mabango, na sana sana picha za mazishi: familia inaleta kitambulisho cha mzee na kuomba avalishwe suti. Wanafundishana kwa mahali, si kwa jina. "Bonyeza ya nne kutoka juu. Shikilia, itafunguka." Ni elimu ya mkono, na inalisha watu.

Shida ni kwamba haina ulinzi. Februari 2020 GIMP, programu ya bure, ilitoa toleo la 2.10.18. Vifaa vilivyokuwa vimetandazwa vikafungwa kwa makundi, kimoja mbele, wenzake nyuma. Anayejua jina atatafuta. Aliyejua mahali ni kama ameenda sokoni akakuta vibanda vimehamishwa usiku. Ndiyo, mpangilio wa zamani unaweza kurudishwa, ila kwenye menyu, na menyu ni majina matupu.

Kuna watakaosema tutafsiri, basi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha njia mwaka 2004 kwa Jambo OpenOffice. Naunga mkono, lakini neno peke yake halitoshi. Ukimwambia mwanafunzi "tabaka" bila kisa, umembadilishia fumbo tu. Na kisa tunacho. Kule Lamu, kabla Photoshop haijazaliwa, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha kadhaa kuwa moja studioni mwake. Tabaka ni kazi hiyohiyo, isipokuwa hapa kila kipande kinakaa juu ya kingine bila gundi, na cha chini hakiguswi.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Ukibandika suti kwenye tabaka lake na kuhifadhi faili pamoja na tabaka zote, shati la mzee bado lipo chini. Ukizikandamiza na kubaki na JPEG pekee, limeenda. Kitambulisho nacho kinarudishwa serikalini. Siku binti yake atakapokuja kuomba, "Nipatie baba vile alivyokuwa," kijana wa saiba atakuwa na cha kumpa ikiwa tu kuna mtu aliwahi kumweleza maana ya ile orodha iliyo kulia mwa skrini.