Msimulizi Akinyamaza

Wengi wetu filamu za hali halisi tulizijulia kwenye televisheni: simba ananyemelea pundamilia, na sauti nzito ya bwana asiyeonekana inatueleza simba anawaza nini. Bwana huyo hana shaka na lolote. Nami filamu za aina hii huzipima kwa kumsikiliza yeye: ni nani, kapewa na nani ruhusa ya kusema, na angenyamaza picha zingebaki na nini.

Mwaka 1960, huko Wisconsin, Marekani, kundi la Robert Drew liliwafuata John F. Kennedy na Hubert Humphrey wakiwania kuteuliwa na chama chao kugombea urais. Kamera zilishaanza kuwa nyepesi, za kubebwa begani, basi wakaingia nazo hotelini, garini, hadi katikati ya umati. Filamu yao, Primary, inaye msimulizi, ila maneno yake ni ya kuhesabu. Jacqueline Kennedy anasema na watu ukumbini, uso umetulia kabisa. Kamera inatuonyesha mgongoni kwake: vidole ndani ya glavu nyeupe vinasokotana, havijui pa kukaa. Msimulizi angeongeza nini hapo?

Frederick Wiseman alimfukuza kabisa. Kwake hakuna msimulizi, hakuna mahojiano, wala jina la anayezungumza halitokei chini ya picha. Ila asidhani mtu kwamba Wiseman hasemi kitu. Husema kwa mkasi. Katika Titicut Follies ya 1967, iliyopigwa kwenye gereza la wagonjwa wa akili huko Massachusetts, mfungwa analishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Mara picha inakatwa: ni yeye yuleyule, sasa maiti, ananyolewa ndevu taratibu. Kisha tunarudishwa kwenye mpira. Filamu hiyo ilizuiwa kuonyeshwa hadharani hadi 1991, na wala Wiseman mwenyewe hatii humo neno moja la lawama.

Hata hivyo, mapenzi yangu yako Treichville, mtaa wa Abidjan, alikopiga Mfaransa Jean Rouch filamu ya Moi, un noir, iliyotoka 1958. Kamera yake ilijazwa kwa kuzungusha ufunguo kama saa ya ukutani. Ukiisha mzunguko, na picha imeisha, hata nusu dakika haifiki. Sauti haikunasa. Aliowafuata walikuwa vijana wa Niger waliokuja kutafuta vibarua mjini, nao wakajibandika majina ya mastaa wa sinema. Oumarou Ganda, kuli wa bandarini, akawa Edward G. Robinson. Baadaye Rouch alimwonyesha Ganda zile picha, akampa kipaza sauti aseme atakalo. Ganda akasema: anajigamba, analalamika, anajiota bondia, anakumbuka vita vya Indochina. Kiti cha yule bwana mwenye sauti nzito kimekaliwa na kuli, tena anakijaza. Hata Sembène Ousmane, mwongozaji filamu wa Senegal aliyemlaumu Rouch ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu, hii aliisifu.

Ganda mwenyewe hakuridhika. Miaka kumi hivi baadaye alitengeneza Cabascabo, kisa cha askari anayerudi Niger kutoka Indochina; akaiongoza yeye, na huyo askari akamcheza yeye.