Picha safi haiko picha ya kweli

Wandugu, katika memwari nilizosoma juu ya picha za rada, jambo moja linarudiarudia: mwandishi anapitisha kichujio, anaweka picha mbili kando kwa kando, anasema "ona, madoadoa yameisha", kisha anaendelea. Mimi sikubali. Ile haiko uthibitisho.

Madoadoa yanatoka wapi? Rada inatuma mawimbi na kupokea mwangwi. Ndani ya pikseli moja ya Sentinel-1, meta 10 kwa 10, kuko majani, mawe, matawi. Miangwi yao inakutana: mingine inaongezana, mingine inauana. Njo maana mu msitu ule ule pikseli nyeupe inakaa pembeni ya nyeusi. Mashine haina kosa.

Dawa rahisi ni wastani, dirisha la pikseli 7 kwa 7. Tuhesabu basi: ni meta 70 kwa 70, karibu nusu hekta. Kule Masisi ama Kalehe, shamba la mama mmoja linaweza kuwa dogo kuliko hapo. Unafuta madoadoa, unafuta na shamba lake, kisha ramani inaandika "msitu". Mtu akiamua mambo ya udongo kwa ramani hiyo, yule mama hayumo.

Jong-Sen Lee alilifikiria hili tangu 1980. Kichujio chake kinapima kwanza tofauti za pikseli mu dirisha: zikiwa za madoadoa tu, kinasawazisha, zikizidi, kinaacha pikseli karibu vile ilivyo. Ni bora, lakini nacho kinapaswa kupimwa.

Kipimo ninachodai ni kidogo: gawanya picha ya asili kwa ile iliyochujwa. Kwa kuwa madoadoa yanazidisha mwanga, jibu zuri ni madoadoa matupu. Ukiona humo barabara, mto ao kona za mashamba, ujue kichujio kimeiba.

Kuko pia njia ya wastani wa tarehe nyingi za pahali pamoja. Picha 9 zenye madoadoa yasiyotegemeana zinashusha kelele mara 3, na mipaka inabaki. Ila shamba lililofyekwa juzi litafifia.

Kwa hiyo, mukiombwa kusoma memwari ya mwenzenu, mudai picha ya tatu: ile ya vitu vilivyotolewa. Kama haimo, kazi haijaisha.