Ubao wa kunakili: kumbukumbu nzuri kwenye mashine ya watu wengi

Msomaji wetu, leo tunakosoa kitu unachokitumia kila siku bila kukiona: ile sehemu ya kompyuta inayoshika ulichokopi mpaka ukipesti. Kwa Kiswahili inaitwa ubao wa kunakili.

Kukata na kubandika kwa kompyuta tunawadai Larry Tesler na Tim Mott, waliotengeneza programu ya Gypsy pale Xerox PARC, Marekani, miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mhariri alihamisha aya kwa mkasi na gundi, kweli kabisa.

Ila ubao wa kawaida una nafasi moja tu. Ukikopi cha pili, cha kwanza kimeondoka, na huonywi. Sasa fikiria steshenari ya Mwanhuzi msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB. Mhudumu anahamisha jina, namba ya NIDA yenye tarakimu 20, namba ya mtihani wa kidato cha nne na barua pepe. Vitu vinne, safari nne kati ya hati na fomu, huku foleni inasubiri. Tarakimu moja ikikosewa, anayeumia ni mwombaji.

Dawa ipo. Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2018, ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na V unapata historia ya ulivyokopi, hadi vitu 25. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe. Baada ya hapo unakopi vyote vinne mfululizo, unahamia kwenye fomu, unachagua kimoja kimoja. Word nayo ina ubao wake wa vitu 24.

Kwa kazi hiyo, tunaupa ubao huu alama za juu. Lakini una kasoro mbili.

Ya kwanza ni ndogo: unashika maandishi na picha, na kila kimoja kisizidi megabaiti 4. Ukikopi faili zima ili ulihamishie kwenye fleshi, halitaonekana kwenye historia.

Ya pili ndiyo nzito. Ubao huu umebuniwa kana kwamba kila kompyuta ina mwenyewe mmoja. Steshenari siyo hivyo. Mteja wa saa nne akiondoka, namba yake ya NIDA inabaki kwenye orodha. Mteja wa saa tano akikaa na kubonyeza Windows na V, anaiona. Programu za kutunza nywila zinaweza kuuambia ubao usihifadhi, lakini nywila iliyokopiwa kutoka kwenye meseji ni maandishi kama mengine. Mashine haijui kipi ni siri na kipi ni salamu.

Utasema, si historia inafutika kompyuta ikiwashwa upya? Ni kweli, isipokuwa vitu vilivyobanwa. Shida ni kwamba wengi wetu hatuzimi laptop, tunafunga kifuniko tu. Ndani ya siku moja mashine inaweza kubeba taarifa za watu kumi wasiojuana. Na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo jambo hili siyo la adabu pekee.

Kama wewe ni mhudumu, usiache kuutumia. Mteja akimaliza, fungua ubao, chagua kufuta vyote, na usibane kamwe kitu cha mteja. Inachukua sekunde chache. Kama wewe ndiye mteja, omba ifanyike ukiwa bado umesimama pale. Siyo kumtilia mtu shaka. Ni sawa na kudai cheti chako halisi baada ya kutoa fotokopi.

Kwa wabunifu tunasema hivi: wekeni muda wa kujifuta. Robo saa ingetosha. Kompyuta ya kwenye meza za Palo Alto ilikuwa na mtu mmoja mbele yake. Ya Mwanhuzi ina foleni.