Agogwe na Jembe la Usiku: William Hichens Akisomwa kutoka Rumonge

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili humjua William Hichens kama mhariri wa Al-Inkishafi (1939) na Diwani ya Muyaka (1940). Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1937, katika jarida la Discovery la Uingereza, huyohuyo alisimulia alivyowaona agogwe: viumbe wawili wadogo, wenye manyoya ya hudhurungi, wakitembea wima kama watu katika misitu ya upande wa magharibi wa mbuga ya Wembere, Tanganyika. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans aliingiza taarifa hiyo kitabuni mwake, na tangu hapo agogwe wamekuwa mali ya wasaka wanyama wasiojulikana.

Kilichochukuliwa ni manyoya na kimo. Hadithi yenyewe iliachwa. Hichens anataja kwamba, kwa mujibu wa wenyeji, agogwe akiwekewa pombe na chakula shambani hulipa kwa kulima na kupalilia usiku. Huu ni mkataba wa kazi, tena wa pande mbili zisizoonana. Mwindaji aliyewatambua viumbe hao mbele ya Hichens hana jina katika andiko, wala haulizwi swali la pili. Kwa mtu aliyelinganisha miswada ya tenzi, ukimya huo si jambo dogo.

Rumonge ina sababu ya kuuona. Livingstone na Stanley walipita kando ya mwambao huu kwa mtumbwi Novemba 1871, na katika msitu wa Vyanda, juu ya mji, wapo sokwe. Livingstone alikuwa ametoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, ambako aliandika juu ya soko akidhani ni gorila. Alikosea mnyama, lakini wasimulizi wake wanasikika: wengine wakisema soko huiba watoto, wengine kwamba ni mtu asiye na ubaya.

Wapo pia Watwa, wafinyanzi ambao kwa vizazi wamebadilishana vyungu na kazi kwa chakula cha wakulima. Haidaiwi hapa kwamba agogwe ni Mtwa. Dai hilo lingekuwa tusi. Hata hivyo, Heuvelmans anapomhusisha agogwe na Australopithecus, deni la mkulima kwa mpaliliaji wa usiku linageuka suala la mifupa. Katika nchi ambayo Katiba yake ya 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu katika Bunge la Taifa, msomaji ana haki ya kuuliza kwanza nani alilima, na alilipwa nini.