Loliondo: kosa lilikuwa kwenye vigingi

Kosa la Loliondo, wilayani Ngorongoro, lilikuwa la kiufundi kabla halijawa la kisiasa, na lilifanyika Juni 2022, siku vigingi vya mpaka vilipoanza kuchimbiwa.

Mliona wenyewe. Kilomita za mraba 1,500 zikamegwa kutoka Pori Tengefu la Loliondo lenye takriban 4,000. Tangazo la Serikali (GN) 421 la eneo hilo likatoka tarehe 17 Juni, na Oktoba eneo lilelile likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa. Ng'ombe waliolishwa pale juzi wakaitwa wavamizi.

Sasa tutazame kigingi kinafanya kazi gani. Kigingi hakijui masika wala kiangazi. Kikishasimama, upande mmoja ni wa nyumbu na wa pili ni wa ng'ombe, mwaka mzima, miaka yote. Malisho ya ukanda ule hayajawahi kutumika hivyo. Nyumbu wakizaa kwenye nyanda za majani mafupi, kati ya Januari na Machi, mfugaji wa Kimasai huondoa ng'ombe wake mwenyewe bila kusukumwa na askari, kwa kuwa ndama wa nyumbu ana ugonjwa unaoua ng'ombe. Nyumbu wakihama, ng'ombe hurudi. Karibu na maboma hutengwa alalili, malisho ya ndama na mifugo dhaifu, na anayeingiza kundi humo kabla ya wakati huitwa na wazee ajieleze. Majini nako watu huenda kwa zamu. Yote hayo ni ratiba, iliyojengwa kwa vizazi juu ya ardhi ambayo mnyama wa porini na wa nyumbani wanapita njia moja kwa nyakati tofauti. Aliyechora mstari aliifuta ratiba yote hiyo, na hakuweka nyingine mahali pake.

Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji, mazalia na mapito ya wanyama, tena wananchi wameachiwa kilomita 2,500. Vyanzo vya maji vinastahili ulinzi, sina ubishi. Lakini ng'ombe hanywi kilomita za mraba. Ukimwachia mfugaji eneo kubwa ukamfungia njia ya kwenda majini na malisho ya kiangazi, hesabu yako inapendeza kwenye ramani tu.

Tena sheria yenyewe ilikuwa imeonya. Kifungu cha 16(5) cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kinamtaka Waziri ahakikishe ardhi ya kijiji haimo ndani ya pori tengefu. Chini ya sheria ya 1974, mtu aliweza kuchunga ndani ya pori tengefu. Iliyomgeuza mchungaji kuwa mkosaji ni hii ya 2009, na wasimamizi wamekishika kwa mikono miwili kifungu cha kuzuia malisho, hiki cha kulinda vijiji wakakiacha. Septemba 2023 Mahakama Kuu hapa Arusha iliitengua GN 421 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa, hukumu safi.

Mimi ni mkazi wa Kwa Mrombo, Arusha, na ugonjwa huu wa kuchora mpaka bila kujali njia naujua kwa sura yake ya mjini. Mtu akipata hati anaanza na ukuta, na kichochoro walichopita wanafunzi, bodaboda na mbuzi kinakwisha siku hiyo. Tunapima kiwanja kwanza, njia tunaikumbuka watu wakishagombana.

Wazee wa Meru walishapambana na fikra hiihii ya kutenganisha kwa mstari. Mwaka 1947 Jaji Wilson wa serikali ya kikoloni alipendekeza ardhi ya walowezi kati ya Meru na Kilimanjaro iwe kipande kimoja kisichochanganyika na cha wenyeji. Novemba 1951 Wameru wakafukuzwa Engare Nanyuki kupisha mpango huo. Kirilo Japhet wa Meru, akiwa na wakili Earle Seaton, aliibeba kesi ile hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Hakwenda kuomba mpaka usogezwe hatua chache. Alikwenda kudai ardhi. Leo nani anasimama hivyo?

Hata karibuni, upande wa serikali, tulikuwa na mfano wa kiongozi aliyesikiliza. Mwaka 2013 Waziri wa Maliasili, Khamis Kagasheki, alitangaza kumega kilomita 1,500 hizihizi. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Loliondo, akawasikiliza watu, akaufuta mpango. Hivyo ndivyo kazi ile inavyofanywa.

Wizara ya Maliasili bado inaweza kurekebisha. Tembeeni na wazee wa vijiji vya Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash, mpime njia za mifugo moja baada ya nyingine, mwandike ni miezi ipi ng'ombe wanapita na ipi wanampisha nyumbu, kisha mzitangaze njia hizo kwenye Gazeti la Serikali kama mlivyotangaza mpaka. Anzeni na njia za maji, kabla ya kiangazi.